Can si "Kani": namna ya kulisoma, kulitamka na kuliitikia jina la Kituruki

Ukija Laleli hapa Istanbul kununua nguo za jumla, hutamaliza mizunguko yako bila kukutana na mtu anayeitwa Can. Atakuwa kijana anayekushushia maboksi, au mwenye duka, au yule wa kargo anayepima mizigo. Na hata mtu wa jina hilo asipokuwepo, neno lenyewe utalisikia tu, maana Waturuki wanalitia kwenye mapenzi, kwenye ugomvi, kwenye boti na kwenye taarifa ya habari. Mimi ni mtu wa Tanga, kazi yangu ni ukalimani wa wafanyabiashara wanaotoka Kariakoo na Eastleigh, na simu nyingi ninazopigiwa usiku zinahusu jina hili na mtoto wake, "canım". Someni hapa, usiku tulale.

Tuanze na ulimi. C ya Kituruki ni j yetu. Si k, si s, wala si ch. Ukitaka ikukae kichwani, tumia majina unayoyajua tangu utotoni: Cuma ni Juma. Cemal ni Jamal, Cemile ni Jamila, Cafer ni Jafari, na Hatice ni bibi Khadija mwenyewe. Ukishakubali kwamba Cuma ni Juma, Can haikupi taabu: ni "jan", silabi moja, ulimi unaishia kwenye n na kutulia hapo. Hapo kwenye kutulia ndipo tunaposhindwa. Midomo yetu haipendi neno liishie hewani, tunalipachika i bila kujijua, na kijana wa watu anageuka kuwa Jani, kama la mwembe. Hataudhika, atacheka. Lakini ukiweza izuie hiyo i.

Ukikosea herufi ya mwanzo ndiyo kazi. "Kan" kwa Kituruki ni damu. "Çan", yaani chan, ni kengele. "Şan" ni sifa, utukufu. "Han" ni jengo la biashara, na hili likariri vizuri kwa sababu maduka mengi ya jumla yamo ndani ya majengo yanayoitwa hivyo. Ukibadilisha herufi ya mwisho ukasema "cam", umetaja kioo. Kwa hiyo anayeingia dukani na kuuliza "Kan yupo?" ameulizia damu. Watamwelewa, wameshazoea wageni, ila watatazamana kwanza.

Wapenzi wa mpira mnalijua jina hili siku nyingi, basi tu hamkuambiwa. Emre Can, kiungo aliyekuwa Liverpool tangu 2014 hadi 2018, kisha akaenda Juventus na Borussia Dortmund, ni "Emre Jan". Nakumbuka kwenye kibanda umiza watu wakibishana, huyu anasema Kani, yule anasema Chani, na aliyepiga kelele zaidi ndiye aliyeshinda. Yeye amezaliwa Frankfurt katika familia ya asili ya Kituruki, na kwake Can ni jina la ukoo. Uturuki ilipitisha sheria ya majina ya ukoo mwaka 1934, kila familia ikatakiwa iwe na lake, na wako waliochukua maneno mafupi ya kila siku: Demir, chuma, Kaya, mwamba, Can. Lakini mara nyingi zaidi utalikuta ni jina la kwanza, na la mwanamume. Can Bartu wa Fenerbahçe, aliyeichezea klabu ile mpira wa miguu na wa kikapu pia, ndiye ambaye uwanja wao wa mazoezi umepewa jina lake. Can Yücel alikuwa mshairi, akafariki 1999 na kuzikwa Datça. Na Can Yaman, huyo sina haja ya kuwaeleza, dada zangu mnaotazama tamthilia mnamjua kuliko mimi.

Sasa maana. Neno limetoka Kiajemi, jān, na linabeba vitu ambavyo sisi tumevigawa: roho, uhai, nafsi, nguvu ya mwili, na mpenzi. Aliyekulia pwani akitazama sinema za Kihindi ameshalisikia likiimbwa, "jaan" hili na "jaan" lile. Ni hilohilo, nalo lilifika India kutoka Uajemi. Limo pia ndani ya Janmohamed, jina la ukoo ambalo Wahindi wa Afrika Mashariki wanalo hadi leo. Mzazi wa Kituruki anayemwita mwanawe Can amemwita uhai wangu, basi.

Waliosoma Kurani nao wana swali lao, na ni swali zuri. Katika Surat ar-Rahman mmetajwa "al-jaan", walioumbwa kwa moto. Mama mmoja wa Mombasa, mteja wangu, alipoambiwa kijana wa dukani anaitwa Jan alivuta ushungi na kunong'ona, "Huyu wamempa jina la majini?" Hapana, mama. Maneno yamefanana kwa sauti tu. Jini kwa Kituruki ni "cin", na hakuna mzazi anayempa mtoto jina hilo.

Can hupenda kukaa na wenzake, na hapa ndipo orodha za majina zinapochanganya watu. Huwekwa mwanzoni: Cansu, maji ya uhai, ni mwanamke; Candan, kutoka rohoni, mara nyingi mwanamke; Caner ni mwanamume. Canan ni mwanamke na maana yake ni mpenzi. Huwekwa mwishoni: Nurcan na Gülcan kwa kawaida ni wanawake, Ercan, Özcan na Sercan ni wanaume, Bircan anaweza kuwa yeyote. Kwa hiyo usibahatishe "Mr" wala "Mrs" kwenye barua pepe kwa sababu umeona can mahali. Tena angalia herufi iliyo kabla ya an. Erkan na Serkan wana kan, si can. Hakan ni jina lililotokana na cheo cha watawala wa zamani. Orhan na Gökhan wanaishia na han, khan yule wa akina Chinggis. Mteja akinitumia ujumbe "nilipe kwa Erkan au Ercan?" namwambia anitumie picha ya karatasi, sitaki kusikia kwa masikio.

Na si kila mwisho wenye can una roho ndani yake. Patlıcan ni bilingani. Fincan ni finjani, kikombe kilekile cha kahawa cha barazani kwetu. Mercan ni marijani, tena ni jina la mtaa ulio karibu na Kapalıçarşı, lile soko kubwa lililoezekwa, ambako wengi wenu mnakwenda, na pia jina la samaki. Hayo matatu tulikwishayapokea pwani kwa njia zetu kabla hata hatujajua kuna Laleli. Watu wakinieleza kwamba patlıcan maana yake ni "roho iliyopasuka", kwa sababu "patla" ni kupasuka, nawaacha wafurahi, lakini si kweli.

Kumwita mwenyewe

Heshima ya Kituruki hukaa nyuma ya jina la kwanza. Sisi tunasema Bwana Ali, Bi Khadija, Mzee Juma. Wao wanasema Can Bey, Cansu Hanım. Ukoo hauingii hapo. Aliye kwenye kadi ya biashara Can Demir utamwita Can Bey, si Demir Bey. Kwenye barua rasmi utaandika Sayın Can Demir, majina yote mawili.

Mkishazoeana, na kama amekuzidi umri kidogo, ni Can Abi, kaka Can. Mzee wa makamo anaweza kuwa Can Amca, yaani ami Can. Mwalimu na daktari huitwa hocam, mwalimu wangu. Kijana mdogo mwite Can tu, na akikuletea chai mwambie "sağ ol Can", asante Can. Utawasikia wenyewe wakimwita Cancım, yaani Can wangu mdogo. Hiyo ni ya watu wa ndani, isubiri mpaka wakuzoee.

Wengi wana majina mawili: Mehmet Can, Ali Can, Efe Can. Hapo hujui nyumbani anaitwa lipi, na ukichagua mwenyewe unaweza kumwita kwa jina analoitwa na polisi tu. Uliza: "Size nasıl hitap edeyim?" Nikuite vipi? Swali hilo limewafungulia wateja wangu milango mingi, kwa sababu mnunuzi wa jumla kwa kawaida huuliza bei tu.

Akikuita yeye, usijibu "yes". Sema "efendim". Ni labeka yao, haichagui umri wala cheo.

Canım, na bei ya shati

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo fedha zinapopotea.

Canım ni can pamoja na -ım, yangu. Roho yangu. Mama anamwambia mtoto, mke anamwambia mume, shoga anamwambia shoga. Muuza duka wa Laleli naye atakuambia wewe, uliyeingia sasa hivi ukiwa na begi la magurudumu: "Buyur canım." Karibu, roho yangu. Dada mmoja aliyekuja kununua mapazia alinikonyeza, akaniambia huyu kanipenda, leo tunapewa bei ya nyumbani. Mwaya, canım ya dukani ina uzito wa "mamii" na "anti" za Kariakoo. Bei haikushuka hata lira moja mpaka nilipotaja idadi ya pisi na malipo ya taslimu.

Nani amwambie nani? Wanawake kwa wanawake wanaambiana bila shida. Mwanamke mtu mzima kwa kijana, sawa. Mwanamume kwa mwanamke asiyemjua inategemea mahali na macho. Wewe kaka yangu mgeni usiitumie kabisa, tumia hanım. Kwa ofisa wa uhamiaji, askari au karani wa benki isikutoke mdomoni. Wanaume kwa wanaume hawakosi kuitumia, ila abi na kardeşim, ndugu yangu, ndiyo zaidi.

Kisha kuna canım isiyo na mapenzi yoyote. "Yok canım!" ikitamkwa kwa kuvuta ni "hamna bwana!" au "acha uongo!". "Hadi canım!" ni "acha bwana!". "Tabii canım" yaweza kuwa "ndiyo kabisa", au ikisemwa kwa kichwa kilichoinamishwa upande, "endelea kujidanganya". Bwana wetu na canım yao zinafanya kazi moja hapo: bwana si bwana, na roho si roho. Sikiliza sauti. Ukitaja bei ya chini mno na mwenye duka akasema "yok canım" huku anacheka, mazungumzo bado yapo. Akiisema kavukavu na kurudi kwenye simu yake, ondoka, rudi mchana.

Tena canım huweza kuwa roho yako wewe mwenyewe inayofanya jambo. "Canım istemiyor", roho yangu haitaki, ndivyo wanavyosema sijisikii. "Canım çekti" ni nimetamani, hasa chakula. "Canım sıkılıyor", roho yangu inabanwa, ni nimechoshwa na kukaa bure. "Canım acıyor" ni naumia, na hii jifunze kabla ya kwenda kwa daktari wa meno.

Ikiwa una nafasi ya sentensi moja tu, chukua "canın sağ olsun". Maana yake roho yako iwe salama. Umevunja finjani ya mwenye duka? Atasema hivyo. Shati ulilolifuata limekwisha? Utasema wewe. Umeshindwa kukubaliana bei na unataka kuondoka bila kuacha uchungu? Sema hivyo ukiwa umeweka mkono kifuani. Sisi tungesema "muhimu uzima". Nimewaona wauzaji wakimwita mteja arudi kwa sababu ya maneno hayo matatu, baada ya yeye kukataa kabisa bei yao. Sikuahidi punguzo, ila utakumbukwa.

Likiwa limeandikwa

Kwenye vapur, yaani boti za abiria, za kuvuka kwenda Kadıköy utaona "can yeleği": jaketi la kuokolea maisha. "Can simidi" ni boya la duara. Cankurtaran, mwokoa roho, ni mwokoaji wa ufukweni, zamani ndiyo ilikuwa gari la wagonjwa, na ni mtaa ulio chini ya Sultanahmet wenye hoteli ndogondogo. Ukikodi chumba huko usidhani umepelekwa hospitali. "Canlı" ni hai: mgahawa ukiandika "canlı müzik" kuna bendi, na runinga ikiandika "canlı yayın" ni matangazo ya moja kwa moja. Watoto wakicheza michezo ya simu na mmoja akalia "canım bitti", usishtuke, amemaliza maisha ya kwenye mchezo.

"Can kaybı" ni kupotea kwa roho za watu. Baada ya tetemeko la 6 Februari 2023 maneno hayo yalikaa chini ya kila runinga pamoja na tarakimu iliyopanda kila saa hadi kupita 50,000. Kwa wiki kadhaa mtaani canım ilisemwa polepole. Ukikutana na Mturuki wa Hatay au Maraş na mazungumzo yakafika huko, sema "başınız sağ olsun", ndiyo pole yao ya msiba.

Majira ya kuchipua, mikokoteni huuza "can eriği", tunda dogo la kijani, chachu, linalotafunwa na chumvi kama embe bichi la shuleni. Bei yake mwanzoni mwa msimu haifai kutajwa.

Na kwa wale wa tarika: wafuasi wa Mevlevi, njia ya Rumi aliyezikwa Konya, waliitana can, na Waalevi, jamii ya kidini ya huku Uturuki, hadi leo wakikusanyika husema "canlar", enyi roho, bila kutenga mwanamume na mwanamke. Ukisikia mzee anawasalimia watu wote ukumbini kwa neno hilo, hajawaita akina Can.

Programu za kutafsiri

Mteja wangu mmoja, mzee wa Arusha anayenunua suti, alituma ujumbe dukani akiulizia mzigo wake. Akajibiwa: "Can çıktı, yarın gelir." Programu ya simu yake ikampa: roho imetoka, kesho itakuja. Alinipigia akiwa amekaa kitandani. Jibu lilikuwa: Can ameshatoka, kesho atakuja.

Kosa hilo linazuilika. Jina la mtu huanza na herufi kubwa popote lilipo, na viambishi vya uhusika hutenganishwa nalo kwa alama ya ritifaa: Can'a ni kwa Can, Can'ı ni Can akiwa mtendwa, Can'dan ni kutoka kwa Can, Can'ın ni ya Can. Roho haina ritifaa: cana, canı, candan, canın. Tatizo ni pale neno linapoanza sentensi, maana hapo kila kitu kina herufi kubwa, na vijana wa WhatsApp hawajisumbui na ritifaa. Basi tazama kitenzi. Aliyetoka, atakayekuja, aliyetuma, aliyelipa, huyo ni mtu. Inayouma, inayotaka, inayobanwa, hiyo ni roho. Ukibaki na shaka, andika "Can Bey mi?" Bwana Can? Watakujibu kwa neno moja.

Kwenye malipo kuwa mkali zaidi. Jina la mpokeaji liandike kama lilivyo kwenye kimlik yake, yaani kitambulisho: Ali Can kwa nafasi, au Alican bila nafasi. Hayo ni majina mawili tofauti mbele ya benki. Jihadhari pia na C iliyovuliwa mkia. Kwenye tiketi na risiti za mashine Çetin huandikwa Cetin, na Çağla huwa Cagla. Hao ni wa ch, si wa j. Can haina tatizo hilo kwa sababu haikuwa na mkia tangu mwanzo.

Wako wanaoniuliza kama wanaweza kumpa mtoto jina hili Dar au Mombasa. Mnaweza, ni jina zuri na halina dini ya peke yake. Ila jiandaeni: likiandikwa Can, mwalimu wa darasa la kwanza ataita Kani, na likiandikwa Jan, nesi ataona kadi ya kliniki imeandikwa Januari kwa kifupi. Mteja wangu wa Eastleigh aliyempenda sana kijana mmoja wa kargo alimwandikisha mwanawe Alijan, kwa j, na mpaka sasa hakuna aliyekosea kumwita.